Asima: Ujue Namna Yake na Mambo Yenye Kuiamusha

Ndugu musomaji, pengine katika nyumba yako kuna mutu mwenye kukaa juu ya kitanda katikati ya usiku, mikono juu ya magoti, akitafuta pumzi. Kifua chake kinalia kama filimbi. Hawezi kulala chini, maana akilala anaona kama anazama katika maji. Kukicha anapata nafuu. Anakwenda shamba ao anakwenda masomo, na watu wa nyumba wanasema: "Sasa imekwisha." Kisha siku chache inarudi tena.

Ugonjwa huo ni pumu. Hapa kwetu Congo watu wengi wanauita asima. Usizani ni ugonjwa mudogo. Shirika la Afya la Ulimwengu, tunaloliita OMS, lilihesabu kwamba katika mwaka wa 2019 watu karibu milioni 262 walikuwa na asima, na watu karibu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wao walikufa katika inchi maskini, pahali dawa ni haba ao watu hawakufundishwa kuzitumia. Kifo cha namna hii mara nyingi kinaweza kuzuiwa. Kwa hiyo tunakuandikia habari hizi.

Shika neno moja mbele ya yote: asima inakaa ndani ya kifua hata siku unapojisikia muzima. Mutu anayejua kinachoamusha asima yake, na anayetumia dawa ya kuituliza kila siku, anaweza kulima, kusoma, kuimba na kuzaa kama wengine. Lakini mutu anayengoja mpaka pumzi zimekatika ndipo atafute dawa, anajitia katika hatari kubwa.

ASIMA NI NINI?

Pumzi inaingia kwa pua, inapita katika koo, inashuka katika murija mukubwa. Murija ule unagawanyika, tawi moja kwa pafu la kuume na lingine kwa pafu la kushoto. Kisha matawi yanagawanyika tena na tena kama matawi ya muti wa mwembe, mpaka yanakuwa vijia vidogo sana.

Kwa mutu mwenye asima vijia hivi vinakasirika upesi. Kitu kidogo kikivigusa, mambo 3 yanatokea. La kwanza, nyama zenye kuzunguka vijia zinajikaza, kama mukono wenye kufunga ngumi. La pili, ngozi ya ndani inavimba. La tatu, kohozi zito linajaza nafasi ndogo iliyobaki. Njia ya pumzi inakuwa nyembamba. Pumzi inaingia kwa taabu, na kutoka ni taabu zaidi. Ndiyo sababu unasikia filimbi wakati mugonjwa anapotoa pumzi.

Kama wewe ni muzima na unataka kujua mateso yake, twaa bua jembamba la majani lenye tundu. Ziba pua, kisha pumua kwa njia ya bua lile kwa kitambo kidogo tu. Hivyo ndivyo ndugu yako anavyopumua usiku.

Asima haiambukizi. Unaweza kula naye katika sahani moja, kulala naye katika chumba kimoja, na kumupa mutoto wako amubebe. Lakini inapita katika jamaa: kama baba ao mama anayo, mutoto anaweza kuipata kwa urahisi kuliko mutoto mwingine.

ASIMA SI YA NAMNA MOJA

Watu wawili wanaweza kulia filimbi sawasawa, lakini kinachoamusha ugonjwa kwa mumoja si kile cha mwingine. Kwa hiyo usichukue shauri la jirani na kulifanya kuwa lako. Angalia namna hizi, ujitafute ndani yake.

1. Asima ya alerji. Alerji ni hivi: mwili unaona kitu kisicho adui, kama vumbi ao manyoya ya paka, na unapigana nacho kama adui. Asima hii mara nyingi inaanza katika utoto. Mutoto ana upele wenye kuwasha katika mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti. Anapiga chafya kila asubui, macho yanamuwasha, pua inatoka maji siku nyingi. Mara nyingi mutu mwingine wa jamaa ana mambo yale yale.

2. Asima isiyo ya alerji. Hii inaanza zaidi kwa mutu muzima. Hana upele wala chafya. Inaamushwa na mafua, na baridi, na moshi, na harufu kali. Mara nyingine ni nguvu kuituliza, na mugonjwa anahitaji kuangaliwa karibu zaidi.

3. Asima ya kukimbia. Kijana anacheza mupira vizuri. Akiacha kukimbia, ao nyuma ya dakika chache za kukimbia, kifua kinamukaza na kikohozi kinaanza. Sababu yake ni hewa nyingi ya baridi na kavu anayoivuta kwa haraka. Mwalimu, usimwite mutoto huyu muvivu. Wewe muzazi, usimukataze kucheza siku zote. Asima yake ikitibiwa vizuri atacheza pamoja na wenzake.

4. Asima ya kazi. Mupishi wa mikate anavuta unga. Seremala anavuta vumbi la mbao. Mama mwenye kuchagua kahawa mbichi anavuta vumbi lake. Fundi anapulizia motokari rangi. Musafishaji anatumia maji ya Javel. Hata sisi wa hospitali, mipira ya mikono inaweza kutuletea asima. Alama yake ni hii: siku za kazi kifua kinakaza, siku za mapumziko kinafunguka. Ukiona alama hii, usingoje miaka. Ukiendelea kuvuta kitu kile, asima inaweza kukaa hata nyuma ya kuacha kazi.

5. Asima ya dawa. Watu wengine, zaidi watu wazima wenye pua yenye kuziba siku zote, wakimeza aspirini wanakosa pumzi ndani ya dakika 30 ao saa chache. Ndugu za aspirini, kama ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kufanya vilevile. Kwa wengi wao paracetamoli haina neno, lakini uulize munganga kwanza. Tena propranololi, dawa ya moyo na ya damu yenye kupanda, inaweza kufunga njia za pumzi. Dawa ya macho inayoitwa timololi, ijapokuwa ni matone tu, inaweza kufanya hivyo. Kila mara unapopewa dawa mupya, sema wazi: "Mimi nina asima."

6. Asima ya kikohozi. Huyu halii filimbi. Anakohoa tu, kikohozi kikavu, zaidi usiku na wakati wa baridi. Watu wanamupa dawa za kikohozi chupa kwa chupa pasipo faida, maana ugonjwa wenyewe ni asima.

Mutu mumoja anaweza kuwa na namna 2 ao 3 pamoja. Na ujue hili: kuamka usiku kwa kukosa pumzi si namna ingine ya asima. Ni alama kwamba asima yako, ya namna yo yote, haijatulia.

MAMBO YENYE KUIAMUSHA

Moshi. Huu ni adui wa kwanza katika nyumba zetu. Mama anapika kwa kuni ao kwa makala ndani ya chumba kisicho na dirisha, mutoto yuko mugongoni, na wote wawili wanavuta moshi ule. Kama inawezekana, pika inje ao katika jiko lililo mbali na pahali pa kulala. Tumia kuni kavu. Fungua dirisha na mulango. Mutoto mwenye asima akae mbali na moto. Na baba mwenye kuvuta tumbako asifikiri ya kwamba akivutia inje ya nyumba amemaliza kazi. Moshi unarudi naye katika nguo zake. Afazali aache kabisa.

Vumbi la kitanda. Katika magodoro, mito na blanketi kunakaa vidudu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Mavi yao ndiyo yanaleta alerji. Fua mashuka na blanketi kila juma kwa maji ya moto sana, na uyaanike katika jua kali. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji kidogo, na mugonjwa atoke inje. Pangusa meza kwa kitambaa chenye maji.

Mende, panya, paka, mbwa, na kuku wenye kulala ndani. Funika chakula, ondoa takataka, wanyama walale inje.

Ukungu mweusi katika kuta zenye maji wakati wa mvua. Ziba pahali panapovuja, sugua ukuta, ingiza hewa.

Mafua. Mafua ndiyo yanaamusha mashambulio mengi, zaidi kwa watoto. Mutu mwenye mafua asimupulizie mwenye asima. Na wote wanawe mikono.

Baridi na vumbi la njia. Katika milima yetu ya Kivu asubui ni baridi sana. Funika pua na kinywa kwa kitambaa unapotoka. Wakati wa jua, motokari zikipita katika njia ya udongo, fanya vilevile.

Gazi ya mulima wa moto. Watu wa Goma wanaijua Nyiragongo, iliyotoka moto tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira zinatoa gazi yenye harufu ya kiberiti. Gazi ile inakaza kifua cha mwenye asima mbele ya kumusumbua mutu mwingine. Siku upepo unapoileta, akae ndani, afunge madirisha, na dawa yake iwe karibu.

Harufu kali: manukato, rangi mupya, dawa ya kupulizia wadudu, na ile dawa ya mbu yenye kuwaka usiku kucha. Lakini usiache kujikinga na mbu, maana malaria nayo inaua. Lala chini ya chandarua. Chandarua hakina moshi.

Hasira, kilio, hofu, hata kucheka sana. Mambo haya hayaleti ugonjwa wenyewe, lakini yanaweza kuanzisha shambulio kwa mutu aliye nao.

Namna gani utajua lipi ni lako? Twaa daftari. Kwa majuma 4 andika kila siku: usiku ulilala vizuri? Ulifanya kazi gani? Kulikuwa na moshi, vumbi, mvua, mafua? Ulimeza dawa gani? Kifua kilikaza saa gani? Kisha uilete daftari ile hospitali. Munganga anaweza kusoma humo jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliona.

SI KILA FILIMBI NI ASIMA

Usijipe jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Mutu mwenye kukohoa majuma 2 na zaidi, mwenye kukonda, kutoka jasho usiku ao kutema damu, apimwe kohozi, pengine ni kifua kikuu. Mutoto mwenye homa na kupumua haraka pengine ana ugonjwa wa mapafu. Minyoo ya tumbo, ikiwa michanga, inapita katika mapafu na kuleta kikohozi na filimbi. Muzee mwenye miguu kuvimba, asiyeweza kulala chini, pengine ni moyo wake. Na mutoto aliyekuwa muzima, akala karanga, akakabwa mara moja na kuanza kulia filimbi, alete hospitali saa ile ile. Karanga inaweza kuwa imeingia katika njia ya pumzi.

DAWA 2, KAZI 2

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Dawa za asima zina kazi 2, na moja haiwezi kushika nafasi ya ingine.

Dawa ya kwanza ni ya kufungua. Jina lake salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1969. Inakaa katika kichupa kidogo cha kuvuta, ambacho wengi wanakiita pompi. Inalegeza nyama zilizojikaza, kwa dakika chache tu, na mugonjwa anafurahi. Lakini haiponyi ule uvimbe wa ndani. Nyuma ya saa chache kazi yake imekwisha.

Dawa ya pili ni ya kutuliza, kama beklometazoni, iliyoanza kutumiwa kwa kuvuta mwaka wa 1972, ao budesonidi. Hii inaondoa uvimbe. Haifanyi kazi mara moja, kwa hiyo watu wanasema, "Haina nguvu," na kuitupa. Inataka kutumiwa kila siku, hata siku za uzima, na faida yake inaonekana nyuma ya siku nyingi ao majuma. Mwanamuke mwenye mimba asiiache pasipo shauri la munganga, maana mama akikosa pumzi mutoto naye anakosa.

Kundi la wanganga wa inchi nyingi linaloitwa GINA, lililoanza mwaka wa 1993, lilibadilisha mashauri yake katika mwaka wa 2019. Linasema watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi wasitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Lazima wapate na dawa ya kutuliza. Kuna na pompi yenye dawa zote mbili ndani, budesonidi na formoteroli. Uliza kama inapatikana kwenu. Pompi ya salbutamoli mara nyingi ina mivuto 200. Kama unamaliza pompi 3 ao zaidi kwa mwaka mumoja, usijisifu kwamba unatumia dawa vizuri. Ni alama kwamba asima yako haijatulia na uko katika hatari.

Vidonge vya salbutamoli vinatetemesha mikono na kupigisha moyo mbio, na faida yake ni ndogo kuliko ya kuvuta. Tena jihazari na deksametazoni na prednisoloni za sokoni. Munganga anaweza kukupa prednisoloni siku chache kwa shambulio kubwa, nayo inaokoa. Lakini mutu anayezimeza mwezi kwa mwezi kwa kujitakia anajiletea kisukari, damu yenye kupanda na mifupa ya kuvunjika.

Namna ya kuvuta ni hii. Simama ao kaa wima. Tikisa pompi. Toa pumzi yote. Funga midomo vizuri juu ya kinywa cha pompi. Anza kuvuta polepole, na papo hapo bonyeza mara moja. Shika pumzi ukihesabu mpaka 10. Nyuma ya dawa ya kutuliza sukutua kinywa kwa maji, uyateme, kusudi usipate vidonda vyeupe katika kinywa.

Watoto hawawezi kufanya hivi vizuri. Dawa inabaki katika ulimi. Basi tumia chupa ya plastiki ya nusu lita. Munganga Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walionyesha katika mwaka wa 1999 kwamba chupa ya namna hii iliwasaidia watoto wenye shambulio sawasawa na chombo cha kununuliwa. Osha chupa kwa sabuni, iache ikauke. Kwa waya wa moto toboa chini yake tundu lenye kipimo cha kinywa cha pompi, uingize pompi pasipo nafasi ya kupitisha hewa. Mutoto anashika kinywa cha chupa katika midomo yake. Bonyeza mara moja, apumue polepole mara 5 ao 6 ndani ya chupa. Kisha bonyeza tena. Kwa mutoto muchanga njoo hospitali tukuonyeshe.

KAMA SHAMBULIO LIMEFIKA

Mukalishe wima, usimulaze. Legeza nguo zake. Mutoe katika moshi na katika kundi la watu. Sema naye kwa upole.

Kama ni mutu muzima, ao mutoto mwenye miaka 6 na zaidi, umupe salbutamoli mivuto 4, mumoja mumoja, kwa njia ya chupa. Kwa mutoto mudogo fuata hesabu uliyopewa hospitali. Kama nyuma ya dakika 20 hana nafuu, rudia, na muanze safari ya hospitali. Katika njia endelea kumupa kila dakika 20.

Usingoje kabisa, kimbia hospitali mara moja, ukiona hata alama moja ya hizi: hawezi kumaliza maneno machache kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani anapopumua, midomo ao kucha zinageuka rangi ya buluu, mutoto hawezi kunyonya ao kunywa, anasinzia ao anachanganyikiwa, ao filimbi imenyamaza lakini anahangaika bado. Usifurahi filimbi ikinyamaza hivi. Maana yake hewa haipiti tena.

MANENO YENYE KUUA

Wengine wanasema: "Ni ulozi. Mama mukwe amemufunga kifua." Kwa neno hili jamaa zinavunjika, na mugonjwa anazungushwa huku na huku mpaka amechelewa. Umeona sasa kinachofunga kifua: ni nyama kukaza, uvimbe na kohozi. Wengine wanamuchanja kifua kwa wembe, ao wanamufukiza kwa moshi wa majani. Moshi ule ni kuongeza kuni katika moto. Wengine nao wanasema: "Tumemuombea, basi atupe pompi yake." Wazee wa kanisa, muwaombee wagonjwa, ni kazi njema. Lakini musiwaondolee dawa. Mutu anayeombewa na kuvuta dawa yake kila asubui hakukosa imani.

Basi, ndugu, fanya mambo haya katika juma hili. Anza daftari lako. Toa jiko katika chumba cha kulala. Uje hospitali na pompi zako zote, tuangalie kama unavuta vizuri na kama dawa ya kutuliza iko kati yao. Kama ni mutoto wako, umwambie mwalimu wake pahali dawa inakaa na namna ya kumupa. Na kama mwenye asima ni jirani yako, umusomee maneno haya leo, wakati bado ana pumzi ya kukusikiliza na kukuuliza.